Bata wa Madina na Maji ya Kijani

Bata sita wa Madina walikufa asubuhi moja kando ya bwawa, na kabla jua halijapanda Madina alikuwa amekwisha kumpata mwenye kosa. Alikwenda moja kwa moja sokoni Mangobo, kwenye meza ya Kyakimwa, muuza vitunguu kutoka Butembo aliyelima bustani jirani na yake.

"Umewawekea sumu ya panya!" alipiga kelele. "Si ulilalamika kwamba wanakula mboga zako?"

"Mimi? Mama Madina, mimi hata kuku nashindwa kuchinja."

Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Nani atapika kitunguu cha mwenye sumu? Wateja wakahamia meza nyingine.

Na Madina alijua vizuri uchungu wa kusingiziwa. Miaka kumi na miwili nyuma, ndugu za mumewe walimwita mchawi, wakamtoa nyumbani na godoro moja, na mume akawa anatazama ukuta. Tangu hapo aliishi kwa kuuza lengalenga, yaani mchicha. Kabla ya bata kufa, maji ya bwawa yalipogeuka kijani kama rangi ya kupaka mlango, alifurahi, akidhani ni mbolea. Kila jioni aliloweka mafungu yake humo ili asubuhi majani yang'ae, kama walivyofanya wakulima wote wa pale.

Wiki mbili baada ya bata kufa alifika mzee Ismaël mwenye mvi, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Yangambi, kuyapima maji. Alichota maji ya bwawa, akayachanganya na dawa kwenye kichupa, akatumbukiza kikaratasi.

"Papa, hii si ile test ya mimba?" aliuliza Josée, mkulima mwenzake Madina. Wanawake waliokusanyika wakacheka.

"Inafanana nayo. Ila hapa mistari miwili iko mizuri. Mmoja tu, iko mubaya."

Ulitokea mmoja. Kicheko kikakatika.

"Utando huu wa kijani unatoa sumu," alisema Ismaël. "Inaharibu ini."

"Hata la bata?" Madina aliuliza.

"La bata, la mbuzi, la mutu."

"Nikiyachemsha maji?"

"Moto hauivunji, mama. Tutachimba kisima pembeni, maji ya bwawa yapite polepole kwenye mchanga hadi kisimani. Mchangani mna vijidudu vinavyoila sumu hiyo. Tutapima tena ndipo mumwagilie. Bon, na mboga zilizolowekwa, musiuze."

Josée aliuliza kina cha kisima. Madina hakusikia jibu. Alikuwa akiona mikono ya wanunuzi wake, mmoja mmoja, ikipokea mafungu yanayong'aa. Halafu akaona meza ya Kyakimwa, vitunguu vikichipua bila mnunuzi. Yeye, aliyefukuzwa kwa uongo, alikuwa amemfukuzia mwenzake wateja kwa uongo wa namna ileile.

Kesho yake alikwenda sokoni mikono mitupu. Kyakimwa alimwona, akaendelea kupanga vitunguu.

"Kyakimwa, bata waliuawa na maji ya bwawa," Madina alisema kwa sauti ndogo. "Nilikusingizia. Nisamehe."

"Siku ile haukunong'ona."

Madina akavuta pumzi. Akageukia soko, akasema kwa nguvu kwamba Kyakimwa hana kosa, kwamba lengalenga aliyowauzia yeye Madina ililowekwa kwenye maji ya sumu, na aliyebaki nayo aitupe. Mwanamke mmoja akamtukana. Mwingine akatema mate chini.

Kyakimwa hakumpa mkono. Alimwonyesha kwa kidevu upande wa wauza samaki.

"Wale hawakusikia. Sema tena."

Madina akajifunga kitenge vizuri, akaenda kusema tena.