Chai Iliyopikwa kwa Kuni za Kipimo

Aibu hii huwa naisimulia mwenyewe kabla sijasimuliwa, maana hata leo nikipita Kapsoit lazima mtu aniulize, "Momanyi, leo umechoma nini?"

Ilikuwa miaka ya tisini, nami kijana nisiyetulia (Sotik niliacha kazi, Litein nikaacha), mpaka kiwanda kimoja cha majani chai pale Kapsoit, karibu na Kericho, kikanijaribu kwenye boila, tanuri la mvuke wa kukaushia majani. Mama kule Kisii akaanza kutangaza kanisani kwamba mwanawe hatimaye ametulia.

Siku hizo serikali ilitaka kujua viwanda vinamaliza miti kiasi gani kukausha majani, na kampuni nayo ilitaka kuni ziingie kwenye hesabu zake sawasawa. Akaja mtaalamu, Bi Chebet, akakata vipande vya mkaratusi, akavipima vikiwa vibichi, akavipanga kwenye rafu kando ya boila vikauke, apate kuvipima tena mbele ya wakubwa ijulikane kuni zile zilikuwa na maji kiasi gani. Hayo nilielezwa baadaye. Mimi, msimamizi wangu Mzee Rono aliniambia tu, "Chunga hivi visinyeshewe."

Havikunyeshewa.

Wakubwa walifika na mvua, wamelowa, wanatetemeka, mpishi hajafika, kuni za jikoni nazo zinachuruzika maji. Sasa mimi nimelelewa kwamba mgeni hakai bila kikombe mkononi, tena kwenye kiwanda cha chai! Nikaona vile vipande, vikavu, vimepasuliwa vizuri, vimepakwa rangi nyekundu kwenye ncha (nikadhani ni urembo), nikajiambia, kumbe ndiyo maana Mzee alitaka vichungwe. Vikashika moto kama vimemwagiwa petroli. Nikapika chai ya maziwa, wageni wakasifu, bwana wa serikali akaomba kikombe cha pili, nami nikasimama mlangoni kichwa kimevimba.

Bi Chebet akaweka mizani mezani. "Momanyi, niletee vile vipande."

"Vipande gani, madam?"

"Vyenye rangi nyekundu."

Nikaangalia sufuria. Nikaangalia vikombe. "Madam... ndivyo hivyo mnavyovinywa."

Meneja aliweka kikombe chini polepole. "Huyu leo anaenda kwao."

Mzee Rono akavua kofia. "Bwana meneja, nilimwambia achunge mvua. Moto sikuutaja. Nusu ya kosa ni yangu."

Bi Chebet alichungulia kikombe chake, akacheka mpaka akashika meza. "Angalau tumejua vilikuwa vimekauka! Nitakata vingine, na atavichunga huyu huyu. Kericho nzima hakuna atakayevichunga kama yeye."

Kweli nilivichunga, hata chakula nilikula nimeviegemea. Nimezunguka sana tangu hapo, mpaka Bomet na Merigi, lakini sijapata tena mkubwa wa kunivulia kofia. Mungu ambariki Mzee Rono. Mama hakujua lolote, aliendelea kunisifu kanisani. Nami nikikuta kuni kavu zimepangwa vizuri kupita kiasi, hata mgeni awe anatetemeka vipi, kwanza nauliza ni za nani.