Mwaka Ziwa Lilipokosa Pumzi

Kiswahili changu nilikipata katika kambi ya polisi ya Naguru, Kampala, nilikozaliwa. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, na sisi watoto wa kambini tulikizungumza kabla hatujakijua Kiingereza. Nilipoajiriwa chuo kikuu kuosha chupa na kupima maji, lugha hiyo haikuwa na kazi maabarani. Mwalimu niliyemsaidia, Muganda mpole aliyeota mvi mapema, aliiita lugha ya bunduki. Miaka ile ya utawala wa jeshi sikuweza kumbishia.

Kazi yetu ilikuwa kupima oksijeni ya ziwa. Tulishuka hadi Ggaba, ukingoni mwa ziwa, tukapanda mtumbwi wa injini, tukateremsha chupa ya chuma hadi karibu na tope, kisha tukachota na maji ya katikati na ya juu. Kila chupa tuliitilia matone ya dawa. Maji yenye hewa yaligeuka rangi ya chai. Yasiyo na hewa yalibaki meupe kama maziwa yaliyozimuliwa.

"Joto likidumu," Mwalimu alinieleza, "maji ya juu huwa mepesi, yakalala juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Hewa haishuki tena. Huko chini vinavyooza vinaimaliza ile iliyobaki. Halafu mwezi wa sita unakuja upepo wa kusini, maji yanapoa, ziwa linajikoroga, na chini kunapata kupumua."

Aliniambia hata bahari kuu ina zamu zake. Iko miaka pepo zinalegea na joto linaifunika kama blanketi, na iko miaka maji baridi yanapanda kutoka vilindini, na hewa iliyomo ndani yake huongezeka au kupungua kufuatana na zamu hizo. Alizungumza hivyo kwa furaha, kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake.

Mwaka ule upepo ulichelewa. Mvua zilikwisha, joto likabaki, na chupa zetu zikawa nyeupe hata za katikati. Mwalimu akaacha mizaha. Siku moja tukiwa mtumbwini alisema polepole, "Ukija sasa, utakuja kwa nguvu. Maji mabaya yatapanda kwa pamoja, na samaki hawatakuwa na pa kukimbilia."

Ulikuja. Mabati ya nyumba za Wandegeya, karibu na chuo, yaligonga mchana kutwa. Asubuhi iliyofuata soko lilikuwa na mnong'ono: ziwa limetiwa sumu. Wauza samaki walikuwa wamekwisha kukunja magunia yao.

Tulipofika Ggaba ufuko ulikuwa mweupe kwa matumbo ya samaki aina ya ngege. Walijaa kwenye matete, vinywa wazi, wakubwa kwa wadogo. Wavuvi walisimama mbali. Watu wa Kampala tulikuwa tumejifunza kutotazama majini, maana siku zile vilielea vitu vingine ambavyo hakuna aliyevitaja. Mwalimu peke yake ndiye aliyeingia hadi magotini akaanza kuchota.

Gari la jeshi liliteremka wakati nikitia dawa kwenye chupa ya kwanza.

Ofisa alikuwa mtu mnene, wa sauti ndogo. Nyuma yake walikuja askari wawili. Alitazama chupa mkononi mwangu, kisha samaki, kisha chupa tena.

"Hiyo ni dawa gani?"

Mwalimu alianza kujibu kwa Kiingereza. Ofisa akainua kiganja. "Mimi nauliza kwa Kiswahili. Wewe nadharau Kiswahili?"

"Hakijui vizuri, afande," nikasema. "Nitamsaidia."

Akanigeukia. Nilitamani ningekaa kimya. "Wewe Kiswahili yako ni ya kambi. Natoka wapi?"

"Nimezaliwa Naguru, afande. Baba alikuwa polisi."

"Sasa iko wapi?"

Baba alikuwa ameitwa kazini siku moja, akaenda amevaa sare yake, hakurudi. Kabila letu lilikuwa limetosha kuwa kosa. Nyumbani Mama hakuruhusu mtu aseme amekufa.

"Alifariki," nikasema. Ofisa alinitazama usoni kwa muda, akitafuta kaskazini yangu, nadhani, kisha akarudi kwa samaki.

"Nani naua hii?"

Nilimfasiria Mwalimu. Akaeleza, nami nikageuza: hakuna aliyewaua, afande, maji ya chini yaliishiwa hewa, upepo ukayapandisha.

"Hewa naisha?" Aliwatazama askari wake. "Hewa iko hapa kila pahali. Nani nachukua?"

Nikatia dawa kwenye chupa ya pili, nikamwonyesha zote mbili. Maji ya juu kabisa, yaliyopigwa na upepo, yaligeuka rangi ya chai. Yale Mwalimu aliyoyachota kwenye matete yalibaki meupe. Ofisa aliinama, akanusa, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Uliza yeye kama alijua hii itakuja."

Nikauliza. Mwalimu, mtu asiyejua kusema uongo kuhusu ziwa, alijibu kwa Kiingereza, waziwazi, "Nilijua. Nilikuwa nikiisubiri wiki hizi zote."

Mtu aliyejua kabla, mbele ya ofisa yule, alikuwa mtu aliyefanya. Nikafungua mdomo nikasema, "Anasema wazee wa hapa wanaijua, afande. Huja miaka mingine, miaka mingine haiji. Ni kazi ya Mungu na upepo."

Mmoja wa wale askari, kijana mrefu, aliinua kichwa ghafla. Macho yetu yakakutana. Nikajua papo hapo kwamba alikuwa amekielewa kile Kiingereza, kila neno.

Alihamisha bunduki kutoka bega moja hadi jingine.

Ofisa akaokota ngege mmoja, akamrusha miguuni pa mama mmoja aliyekuwa na karai la mafuta. "Kaanga." Tukasubiri. Kisha akatuelekezea kidole, Mwalimu na mimi. "Kama si sumu, kuleni."

Tulikula tumesimama, kwa mikono. Samaki alikuwa mtamu, nami nililisukuma kila tonge kwa nguvu. Mwalimu aliitemea miiba kiganjani, mmoja mmoja. Nilijua hakuna sumu, nilikuwa nimeipima hewa ile kwa mikono yangu, na bado nilisubiri kufa. Ofisa aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi akitutazama mpaka alipochoka.

"Nyinyi hakuna kuongea hii kwa mtu," akasema mwishowe, na akachukua chupa zote.

Walipokuwa wakipanda gari, yule kijana alipita karibu nami kuokota kofia yake. "Dada," alisema kwa Kiswahili safi, bila kunitazama, "umefasiri vizuri."

Nilienda nyuma ya vibanda nikatapika.

Hatukurudi Ggaba. Mwalimu alikuja kazini siku chache, akakaa mbele ya meza bila kugusa kitu, akishtuka kila mlango ulipofunguliwa. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda Mombasa kusikiliza wataalamu wa bahari. Asubuhi ya safari alinikuta nikianika chupa.

"Nnyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "nilisema nini siku ile, na wewe ukasema nini?"

Nikamwambia. Akaushika ukingo wa sinki kwa nguvu.

"Asante, mwanangu."

Hakurudi. Baadaye nilisikia alifika salama, na kwamba anafundisha ng'ambo habari za bahari na zamu zake za joto na baridi. Mimi nilibaki Kampala, katika maabara isiyokuwa na vipimo. Jioni ya siku ile ile ya Ggaba nilikuwa nimemweleza Mama kwamba nilimwambia ofisa Baba alifariki. Nilidhani atanipiga. Alikaa kitako sakafuni, akajifunika kitambaa kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu Baba aondoke tukamlilia, kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie.