Jagi la Kijani la Mama Sumeya

Mama Sumeya alihamia Ruiru mwaka wa tisini na tatu, akitoka Majengo ya Thika. Jina lake ni Amida. Mumewe Idarous alikuwa fundi wa baiskeli pale karibu na soko, na walikuwa na binti mmoja, Sumeya. Walipanga chumba kilichopakana na changu katika ploti ya Kahiga. Haya ninayoandika, mengi niliyaona mwenyewe.

Kahiga alikuwa na sheria moja aliyoilinda kuliko kodi. Mpangaji wake hakuruhusiwa kununua makaa kwingine. Stoo yake ya makaa ilikuwa langoni, na mkewe Waceke aliuza mboga mbele yake. Makaa yenyewe yalikuwa mabichi, yenye mawe, na yalitoa moshi wa kuwaliza watu wazima. Aliyeonekana akiingiza gunia la nje aliambiwa atafute nyumba.

Siku moja wakaja watu kumposa Sumeya. Mama Sumeya hakutaka wageni wale pilau yenye harufu ya moshi, kwa hivyo alinunua makaa makavu sokoni, akayafunika kwa leso na kuyapitisha langoni. Lakini moto mzuri haufichiki. Kahiga aliona jiko linawaka bila moshi, akajua.

Wageni walikuwa wameketi kwenye mkeka, kanzu zao nyeupe. Jagi la kijani la kunawia mikono lilikuwa kando, limejaa maji. Kahiga aliingia uani bila hodi, akalichukua jagi hilohilo, akainua sufuria kwa tambara na kumwaga maji yote motoni.

"Makaa ya nje hayawaki kwangu," alisema. "Mama Sumeya, hiyo ulijua."

Jivu lilipanda likatua mabegani mwa wageni. Pilau ilikuwa haijakauka maji. Wale watu walikula mkate na soda, wakashukuru kwa adabu, wakaenda. Hawakurudi tena. Tulisikia baadaye mama wa kijana alisema mwanawe hawezi kuoa katika nyumba ambayo jiko lake lina bwana mwingine.

Mama Sumeya hakulia. Alipiga msumari ukutani, juu ya kitanda, akatundika lile jagi. Tangu siku hiyo wageni wake walinawa kwa kopo.

"Mama," Sumeya alimwambia, nami nikasikia kupitia ukuta wa mbao, "mimi hata sikumpenda yule kijana. Alikuwa akinusa kila kitu."

"Wewe nyamaza. Aibu hii si yako. Hii ni yangu."

Kuhama hakutaka. Idarous alipotaja vyumba vya Juja, alimjibu kuwa akihama yeye, Kahiga atalala vizuri.

Huko Murera alikuwa na rafiki, Mbithe, waliyezoeana naye zamani katika soko la Thika. Alipomtembelea alimkuta anatoka kwenda shamba, na maharagwe yake yamo ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa matambara na pamba ya godoro kuukuu. Sufuria ilikuwa imefunikwa juu kwa mto. Hapakuwa na moto.

"Na moto uko wapi?" Mama Sumeya aliuliza.

"Uko ndani ya maharagwe. Nimeyachemsha vizuri asubuhi. Sasa nimeyafunga tu, yasitoroke na joto langu."

Waliporudi kutoka shambani maharagwe yalikuwa yameiva, na Mbithe alichota kwa upawa akapuliza, maana yalichoma mdomo. Jioni hiyo akamwonyesha pia matonge ya vumbi la makaa: vumbi, udongo kidogo wa mfinyanzi na maji, yanafinyangwa kama viazi na kuanikwa juani. Yanawaka polepole, tena kwa muda mrefu.

Mama Sumeya alirudi Ruiru akicheka peke yake. Kesho yake alienda stoo.

"Baba Kagwe," alimwita Kahiga kwa jina la mwanawe, kwa sauti ya chini, "nimeona stoo yako imejaa vumbi. Nikufagilie? Sitaki malipo. Hiyo takataka nitaitupa mwenyewe."

Kahiga alimtazama akaona mtu aliyenyooka. "Fagia, mama. Hiyo takataka ilinishinda." Mama Sumeya alipoinama na ufagio, Kahiga alitugeukia sisi tuliokuwa mferejini. "Mnaona? Maji hufunza."

Alifagia kila wiki, akiinama, akisema ndiyo na asante. Vumbi aliloondoka nalo alilifinyanga nyuma ya choo, akalianika juu ya mabati. Kahiga alidhani ni udongo wa kuziba nyufa.

Alianza kwa jiko lake. Akachemsha kwa matonge machache, akahamishia kikapuni, akaendelea na kazi zake. Kisha akamfundisha Ngendo wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akipika githeri ya mahindi na maharagwe hadi watoto wanalala na njaa. Ngendo akamfundisha Opiyo, kapera aliyekuwa akila hotelini. Hata mimi nilipewa kikapu. Alinishonea mwenyewe, akaniambia, "Jirani, sikupi kwa upendo. Nakupa ili usiguse debe la makaa ya yule mtu." Nilikipokea hivyohivyo.

Hakuishia hapo. Maji ya kuoshea vyombo aliyamwagia sukuma wiki alizopanda katika mikebe ya rangi. Maganda aliyaozesha katika shimo na kuyarudisha kwenye mikebe. Kila mlango ukawa na mikebe yake, na Waceke akawa anakaa langoni na mboga zinazonyauka. Mtu wa nje angesema tumependa usafi na mazingira. Labda baadaye tulipenda kweli, maana uani hapakuwa tena na moshi na watoto waliacha kukohoa. Lakini mwanzo wake ulikuwa ni lile jagi.

Kahiga alichelewa kuelewa. Alipoelewa alikuja mbio hadi jikoni kwa Mama Sumeya, tonge mkononi.

"Haya makaa yametoka wapi?"

"Stoo kwako."

"Nilikuuzia lini?"

"Hukuniuzia, Baba Kagwe. Ulisema ni takataka. Sheria yako inakataza makaa ya nje. Haya ni ya ndani."

Opiyo alicheka kwa nguvu mpaka akalazimika kuingia chumbani. Kahiga alitazama vyumba vyote, akaona vikapu kila mlango. Angemfukuza mmoja, lakini ploti nzima angeifukuza vipi? Alifunga stoo kwa kufuli. Mama Sumeya akaanza kufagia stoo za wengine mjini. Makaa ya Kahiga yakakaa bila mnunuzi, na lori lililomletea makaa kutoka Yatta likaacha kusimama langoni kwetu.

Halafu ikaja mvua ya mwaka wa tisini na saba. Barabara zilikatika. Mafuta ya taa yaliisha madukani, na mitungi ya gesi haikufika. Makaa machache yaliyobaki kwa Kahiga yalilowa, maana stoo isiyo na kazi hakuna aliyeziba paa lake. Na ndani ya nyumba yake walikuwa wamekwama wakwe, kaka wawili wa Waceke na wake zao, waliokuja kwa siku moja wakazuiwa na mto. Waceke alikuwa ameloweka njahi, yale maharagwe meusi, za kuwapikia, na njahi hazicheki na moto mdogo.

Waceke alikuja kwanza. "Mama Sumeya, yaliyopita si ndwele."

"Kwako si ndwele. Mwambie aje mwenyewe, na jiko lake. Na wageni waje pia, kwangu barazani ni pakavu."

Kahiga alikuja amebeba jiko, wakwe nyuma yake. Mama Sumeya aliliwasha kwa matonge yake, akateleka njahi. Kisha akaingia ndani, akalitoa jagi msumarini, akalijaza maji ya mvua, na akasimama nalo karibu na jiko. Sote tulitoka milangoni. Kahiga hakutazama sufuria hata kidogo. Alitazama jagi.

"Mama Sumeya," alisema mwishowe, "wageni wangu hawa."

"Nawaona. Wangu pia uliwaona."

Njahi zilichemka sana, muda mrefu, povu likaanza kuinua kifuniko. Mama Sumeya akainua sufuria kwa tambara, akamwaga jagi lote motoni. Jivu likaruka. Shemeji mmoja akapiga kelele, "Haiya! Huyu ana wazimu?" Kahiga alifumba macho.

Alipofumbua, sufuria yake ilikuwa inashushwa ndani ya kikapu cha matambara, na mto unawekwa juu.

"Chakula chako kitaiva kwangu," Mama Sumeya alimwambia. "Jioni utakuja ukiomba. Na utapiga hodi."

Jioni alikuja kwenye mvua. Alipiga hodi. Akapiga ya pili. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa. Njahi zilikuwa zimeiva, zinatoa mvuke, na alizipokea kwa mikono miwili akisema asante.

Baadaye nilimsikia Sumeya. "Mama, sasa yameisha? Tunawie jagi?"

"Yake yameisha," Mama Sumeya alisema. "Yangu yakiisha nitakwambia."

Nikasikia jagi likigonga ukuta, likirudi msumarini.