Gari Lililojua Kuamkia

Mwaka wa Azimio, mashamba ya mkonge yalipochukuliwa na taifa, wenye mashamba upande wa Kimamba walifungasha vitu vyao kwa haraka hata wengine wakasahau meno ya bandia ndani ya glasi. Bwana Stavro, Mgiriki mwenye tumbo lililokuwa likifika mahali dakika mbili kabla yake, alimwita dereva wake Lazaro kwenye banda la magari. Akamwambia kwamba kwa miaka kumi na mitano hajamgonganisha hata na kuku, kwa hiyo kati ya magari matatu yaliyomo humo, moja ni lake. Achague upesi, mama wa nyumba hajaamka.

Lazaro akavua kofia, akaivaa tena. Huyu ni mtoto wa Ruhembe, ambaye baba yake aliacha urithi wa vitu viwili, jembe na kikohozi. Leo anaambiwa achague gari kama mtu achaguavyo nyanya.

La kwanza lilikuwa Benzi jeusi. Liling'aa hivi kwamba nzi akitua juu yake aliteleza akavunjika mguu, na chini ya boneti lake nzi viwete walikuwa wengi. La pili Pijo jeupe, gari la watu wenye akili zao. Kila mwenye duka kuanzia Kilosa mpaka Dumila alikuwa na Pijo au alikuwa akiliota. La tatu lilikuwa kwenye kona, chini ya turubai, na kwenye kiti chake cha nyuma kuku alikuwa ameatamia mayai tisa. Hilo liliitwa Sitroeni. Pua ndefu, kiuno kipana, makalio membamba, na lilikuwa limelala chini kabisa, tumbo karibu liguse sakafu. Watu wa shambani walikwisha kulibatiza: Chura.

Habari ilifika kambini kabla Lazaro hajafunga mdomo ulioachama. Mjomba wake Nikolaus alikuja mbio na kiatu kimoja, akasimama mlangoni akimkonyeza kwa macho yote mawili, na midomo ikisema bila sauti: Benzi. Mpishi akasema Benzi. Wakata mkonge waliokuwa wakipita wakasema Benzi. Ungefikiri na kuku kule kwenye kiti alikuwa anasema Benzi.

Lakini Lazaro alikuwa na siri mbili, na zote zilikuwa zinamwasha.

Siri ya kwanza ilikuwa ya Chura lenyewe. Bwana Stavro alilinunua kwa ajili ya mama yake mzazi, bibi kizee wa Kigiriki aliyekuwa hawezi kukunja magoti. Pembeni mwa miguu ya dereva palikuwa na kishikio. Ukikisukuma huku, gari lote linashuka taratibu, linahema pssss, mpaka bibi anaingia kama anayekalia kigoda. Ukikivuta kule injini ikiwa inanguruma, linanyanyuka kama ng'ombe, nyuma kwanza halafu mbele, mpaka mbuzi anaweza kupita chini yake bila kuinamisha pembe. Na likienda, haliendi, linaelea. Bibi yule alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kutoka Morogoro mpaka Kilosa, katika barabara ile yenye matuta kama mbavu za punda, na sindano haikumchoma hata siku moja.

Siri ya pili ilikuwa Odilia.

Odilia alikuwa binti wa Mzee Mathayo, katekista wa Ulaya. Ulaya hii yetu ya mahindi na baiskeli, siyo ile ya barafu. Kila siku ya soko alikuja Kilosa kwa baiskeli ya baba yake, kapu la mayai nyuma, na wanaume waliojaribu kushindana naye kwenye kilima walifika juu baada ya yeye kwisha kuuza. Lazaro alikuwa amenunua mayai mengi hivi kwamba hata jasho lake lilianza kunuka kiini. Naye Odilia alimpenda, hilo lilikuwa limeisha. Lililobaki ni baba.

Mzee Mathayo hakuwa mtu wa mali. Alikuwa mtu wa salamu. Ukiwa na baiskeli, unashuka hatua ishirini kabla yake, unavua kofia, unaamkia, unangoja. Karani mmoja wa mjini alikuwa amekuja kumposa Odilia kwa Benzi la kuazima. Injini ikinguruma, mkono ukining'inia nje, akasema shikamoo kupitia dirishani. Mzee Mathayo hakujibu. Alifungua zizi akaachia ng'ombe wake wote kulizunguka lile gari mpaka jioni, na karani akarudi kwao akiwa amejifunza kuogelea katika samadi.

Odilia ndiye aliyemsimulia Lazaro, na mwisho alimwambia neno moja lililomkaa kichwani kama kibiriti mfukoni: "Baba hatazami gari. Anatazama linavyosimama mbele yake."

Kwa hiyo pale bandani, Lazaro alimwinua yule kuku kwa heshima, akamweka chini pamoja na mayai yake, akasema, "Bwana, nachukua hili."

Bwana Stavro alicheka mpaka tumbo likachelewa kutulia. Mjomba Nikolaus alikaa chini, hapo hapo, juu ya mayai.

Wiki nzima Lazaro hakupumua. Watu walimpita wakilia kama vyura. Mjomba, ambaye ndiye angekuwa mshenga, alisema amekwisha kushona suti ya kuvaa ndani ya Benzi, na suti ya Benzi haivaliwi ndani ya chura. Lakini Jumamosi ilipofika alikuwa wa kwanza kupanda, jembe jipya la posa limefungwa kitambaa cheupe mapajani, barua mfukoni. Aliponyanyuliwa na kiti kile laini, akasahau alikuwa amenuna. Mpaka wanatoka Kilosa alikwisha kuwapungia mkono watu asiowajua, na wengine walikuwa miti.

Masika yalikuwa yamekasirika mwaka ule. Kabla ya Ulaya wakakuta kijito kimefura, kimevaa kahawia, kinabeba magogo. Landrova moja na lori la pamba vilikuwa vimesimama ukingoni tangu jana, na madereva wake wanapika ugali. Walipoliona Chura walisimama wapate kucheka vizuri.

Lazaro akavuta kishikio. Gari likainuka nyuma, likainuka mbele, likasimama juu kama mwanamke aliyekunja khanga avuke tope. Mjomba akaanza kusali kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kisagara, akamalizia kwa Kilatini cha kanisani asichokijua. Wakaingia. Maji yakapita chini yakilalamika. Walipotokea ng'ambo, kambale wawili walikuwa wamelala kwenye boneti, wanene, na mmoja alikuwa bado anashangaa. Asiyesadiki aende akawaulize wale wa Landrova. Mpaka leo ugali wao umeungua.

Walipoikaribia nyumba ya Mzee Mathayo, Lazaro akasimamisha hatua ishirini mbali. Alihesabu kwa macho, akarudi nyuma kidogo, akahesabu tena. Mzee alikuwa barazani, mnyoofu kama msumari, kofia magotini. Odilia alikuwa mlangoni na ungo, anapepeta kitu ambacho kilikwisha kupepetwa. Lazaro akasukuma kishikio chini, akashuka haraka, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, Mzee."

Na nyuma yake, pole pole, pua kwanza, mabega yakifuata, Chura likahema pssss na kushuka mpaka chini.

Mzee Mathayo alimtazama kijana, akalitazama gari, akasimama.

"Marahaba," akamwambia Lazaro. Halafu akasogea hatua mbili, akaliwekea mkono kwenye paji la uso. "Marahaba na wewe, mwanangu."

Akauliza, "Huyu kafunzwa wapi?"

"Ufaransa, Mzee."

"Kumbe na huko kuna wazazi."

Lazaro alifungua mdomo aeleze mambo ya kishikio na mafuta ya kwenye mabomba. Mjomba Nikolaus, kwa suti yake ya Benzi, akamkanyaga kidole gumba mpaka maelezo yote yakarudi tumboni.

Mzee aliwakalisha. Lakini barua ya posa ilibaki mfukoni, kwa sababu alitaka kwanza kujua jambo moja. Je, huyu humwamkia kila mtu ovyo ovyo, au wakubwa tu? Maana mwenye kupiga magoti kwa kila mtu ni mwoga, na mwenye kupiga magoti kwa wanaostahili ndiye mwenye adabu. Akaagiza aitwe mama yake, Bibi Yunis, ambaye alikuwa mzee hivi kwamba alimkumbuka Mjerumani wa kwanza akiwa bado hana ndevu.

Lazaro akakaa kwenye usukani, jasho likimtiririka. Akaliinua gari. Bibi Yunis akaletwa. Likapiga magoti. Bibi akaitikia, akalitemea mate ya baraka kwenye taa ya kulia, akacheka kwa jino lake moja.

Basi ikawa sherehe. Walikuja wazee wa Ulaya yote, wa dini zote mbili, wakajipanga kwa umri na kugombana kwa umri, huyu akidai alizaliwa mwaka wa nzige, yule akidai nzige wale alikwisha kuwala. Walishuka hata watu wa milimani na fimbo zao. Kila mmoja alisimama mbele ya Chura, likainuka, likashuka, akaitikia marahaba kwa sauti ambayo hakuwahi kumjibia mkwe wake. Lazaro alivuta na kusukuma, akikisia mvi na makunyanzi, moyo ukimdunda kuliko injini. Alikosea mara moja tu. Alipita Sikuzani, mjane mwenye khanga mpya na mwendo wa kuhesabiwa, Lazaro akapitiwa, gari likamwinamia.

Sikuzani akasimama mkono kiunoni. "Mimi na shikamoo wapi na wapi? Liambie lisinizeeshe."

Watu wakaangua kicheko hata ng'ombe wakageuka. Lakini Mzee Mathayo hakucheka. Aliandika kosa lile kichwani, ikaonekana.

Wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe. Alitaka aamkiwe mara ya pili, rasmi, akiwa amekalia kiti chake na kofia kichwani. Gari likashuka vizuri kuliko mara zote. Mzee akaitikia. Na hapo injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yamekwisha, yameishia katika heshima.

"Inuka, mwanangu," akasema Mzee. Halikuinuka. "Nimekwisha kuitikia. Inuka." Vijana wakajaribu kulisukuma, lakini tumbo lilikuwa chini, likakataa. Wazee wakanong'ona. Odilia mlangoni aliacha ungo kabisa.

Lazaro aliona maisha yake yote yamelala pale kwenye vumbi. Mjomba alitafuta kidole gumba cha kukanyaga, lakini Lazaro alikuwa amekwisha kushuka, kofia mkononi.

"Mzee, haliwezi kuinuka. Limekwisha petroli. Na siyo lenyewe lililokuwa likiamkia. Kuna kishikio. Ni mimi."

Hata kuku walisimama. Mjomba Nikolaus alilikumbatia jembe kama mtu anayejiandaa kurudi nalo. Mzee Mathayo akavua kofia, akaiweka magotini.

"Kwa hiyo tangu asubuhi unayewaamkia watu hawa ni wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wote? Na mama yangu?"

"Wote. Na Sikuzani kwa bahati mbaya."

"Mkono umechoka?"

"Umekufa ganzi, Mzee."

Mzee akaugeukia umati, halafu akalitazama tena gari lililopiga magoti. "Yule wa Benzi," akasema, "hakuamkia hata mmoja." Akanyoosha mkono kwa Mjomba. "Haya, mpaka lini nitakungoja? Lete hiyo barua."

Mjomba alitoa barua kwa haraka hata akachana mfuko wa suti. Mzee aliisoma mara mbili, ya pili kwa kufurahia mwandiko. Akasema yeye kwa upande wake hana neno, jembe liingie ndani. Lakini jibu lenyewe ni la mwenye kuolewa, aitwe.

Odilia hakuwepo. Baiskeli pia haikuwepo.

Wageni walilala pale, na hakuna aliyelala. Lazaro alijigeuza kitandani akifikiri amekimbiwa, Mjomba akimfariji kwa kumwambia angechukua Benzi. Asubuhi jua likiwa bado changa, kengele ikasikika njia ya kusini. Ni Odilia, tope mpaka kwenye nyusi, dumu la petroli limefungwa nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mkonge. Alikuwa amekwenda Mikumi, kwenye barabara ya Zambia, akalala kwa shangazi yake, na alfajiri madereva wa malori wakamjazia dumu kwa kukubali kwamba hawajawahi kuona mtu akikanyaga pedali vile. Njiani alikuta tembo sita wamesimama barabarani. Aliwapigia kengele. Watano wakapisha, wa sita akamsukuma kwenye kilima.

Hakumtazama baba yake wala Mjomba. Alifungua tangi mwenyewe, akamimina mpaka tone la mwisho. Lazaro akawasha. Injini ikanguruma, gari likanyanyuka, nyuma kwanza, mbele baadaye. Watu wa Ulaya wakapumua wote kwa pamoja, upepo wake ukaangusha khanga zilizoanikwa.

Lazaro, mkono wake mbovu juu ya kishikio, akamuuliza kama naye alitaka kuamkiwa.

"Mimi lisiniamkie," akasema Odilia, akifuta tope mikononi kwa khanga. "Mimi linipandishe."

Akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akaingia.