Mikono ya Mpiga Chapa
Mpiga chapa wa mikataba yangu hatazami kibodi. Macho yake hubaki kwenye karatasi, na midomo hutamka kila neno bila sauti. Ukimharakisha atakwambia, "Baba, haraka zako ziache mlangoni." Juzi Linux, programu inayoendesha kompyuta yake, ilijisasisha, na tangu hapo herufi zikawa zinatoka ovyo. Siku tatu alifuta na kurudia, akiwapiga wateja chenga. Nilipombana alisema polepole, "Mama alianza hivi hivi. Mikono yake ilisahau kwanza, sisi watoto akatusahau baadaye."

Nikamwita fundi. Akafungua mipangilio, akacheka, akamgeukia mpiga chapa. "Shangazi, huna kosa! Mashine imejiwekea kibodi ya Kifaransa, herufi zimehama mahali." Akarudisha ile ya zamani, akaandika mstari mmoja, ukatoka safi. Shangazi akapangusa viganja kwenye sketi, akauanza mkataba wangu. Nikausoma kwenye kioo cha kompyuta. Jina langu, analoliandika mwaka wa kumi na mbili sasa, alilikosea mara mbili. Fundi naye aliona, kicheko kikamkauka.

"Mkataba umekaaje?" Shangazi akauliza, macho bado kwenye karatasi.

Nikamwambia umekaa vizuri, huku nikimkonyeza fundi anyamaze.