Spika Mbili Zisizo na Jina

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, saa nne na nusu asubuhi, niliingia katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika, kule mtaa wa Bel-Air, nikitafuta sufuria yenye kifuniko. Spika mbili zilisimama kati ya friji isiyo na mlango na rundo la viti vya plastiki. Nilidhani nimezijua kabla ya kuzigusa. Lakini mimi nilimaliza darasa la jioni la parokia nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na aliyechelewa kusoma haamini kitu mpaka amekisoma.

Hazikuwa na jina la kiwanda, mbele wala nyuma. Mwenye duka, kijana mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa amezipiga picha ili simu yake imwambie zilikotengenezwa. Simu ilimtajia nchi tatu tofauti, naye akachagua aliyoipenda, Ubelgiji.

“Hizi bafle iko ya Babelge, mama. Ya zamani kabisa.”

“Jina lake liko wapi?”

“Bitu ya kweli habaandikaka jina! Jina banaandikaka ku bitu ya feki.” Akacheka. “Na wewe unajuaka bafle? Bamama banajuaka kucheza tu.”

“Leta turnevisi,” nikamwambia. “Utaona kama najua kucheza.”

Yapasa nieleze kwa nini niliitaka ile bisibisi. Kama spika zile zilikuwa za marehemu mume wangu, basi miezi mitatu kabla ya siku ile nilikuwa nimemwangamiza mwanamke mwenzangu kwa maneno yasiyo ya kweli.

Mume wangu alikuwa fundi umeme katika karakana ya reli. Masanduku ya spika zake aliyaunda mwenyewe kwa mbao za mulombwa, na viungo vya ndani alivitoa katika redio zilizokufa. Alizikodisha kwa watu wa mtaa kwa ndoa na kwa matanga. Alifariki tarehe 19 Agosti 2013, nazo zikalia katika matanga yake mwenyewe. Tarehe 22, nikiwa nimeketi mkekani na kichwa changu kimefunikwa, nilisikia mdogo wake akiwaelekeza watu wazitoe nje kwa uangalifu.

Familia ilitaka mdogo huyo anirithi. Nilikataa, sikuwa godoro la kurithiwa. Wiki chache baadaye alinitumia karatasi yenye mstari mmoja: spika zi salama, niende nizichukue. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu iliyoandikwa kwa ajili yangu na kusomwa nami mwenyewe. Lakini kwetu, mjane akiingia mlango wa shemeji yake kuchukua vitu vya mumewe, wanawake wa mtaa husema ameingia kama mke. Sikwenda. Naye hakuzileta, labda na yeye alikuwa na kiburi chake. Walioniuliza spika ziko wapi niliwajibu, “Ameziuza.” Mwanzoni nilijibu hivyo ili kufupisha mazungumzo. Mwaka ulipopita, niliamini.

Shemeji alifariki tarehe 3 Machi 2025. Siku ya mwisho ya matanga, wazee wa familia waliuliza kama kuna mwenye dai juu ya marehemu. Nilisimama. Nilisema, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba aliuza mali ya ndugu yake aliyekufa. Mjane wake, aliyekuwa mkekani kama nilivyokuwa mimi zamani, aliinua kichwa.

“Mama mukubwa, hakuuzisha. Biko mu chambre.”

“Mujane hasemake ku mukeka!” mpwa mmoja akamkemea.

Kutoka kiti changu hadi mlango wa chumba kile zilikuwa hatua kumi hivi. Sikuzipiga. Nilipewa cherehani ya mjane kuwa fidia yangu, na wapwa, kwa kuwa marehemu sasa alikuwa mwizi mbele ya wote, walibeba vilivyobaki hadi mapazia. Yeye akaenda kwa dada yake, kule Mokambo, akiwa na mfuko mmoja.

Kule dukani nilianza na mbao. Nilikwaruza chini ya sanduku kwa ukucha, na chini ya rangi nyeusi, ambayo sikuitambua, ukatokea wekundu wa mulombwa. Hilo halikuthibitisha neno. Maseremala wa mulombwa ni wengi. Skrubu za nyuma zilikuwa za shaba, nane, vichwa vyake bapa, za aina iliyotumika katika mabehewa. Nilianza kuogopa. Nilitoa ubao wa nyuma na kupapasa ukingo wa koni ya karatasi. Ukingo wa asili ulipooza, mume wangu aliweka kitambaa cha kitenge changu cha buluu, kilicholowekwa gundi. Hapa kitambaa kilikuwa cheupe na kipya zaidi.

Nilipumua. Nakiri kwamba nilifurahi. Si zetu, nikasema moyoni, nilisema kweli.

“Unaona, mama? Babelge!” akasema mwenye duka, akinimulikia kwa simu.

Mwanga wake ulipita juu ya ubavu wa ndani. Tarehe 12 Mei 2006, mume wangu alipomaliza kugundi kile kitenge, alinipa kalamu ya risasi akasema, “Andika wewe. Sasa unajua.” Niliandika siku, mwezi na mwaka, nikikandamiza mno, hata ubao ukachimbika. Ilikuwa pale. Chini yake palikuwa na tarehe ya pili, 4-10-2016, kwa mwandiko wa ile karatasi ya mstari mmoja, na maneno haya: “Kitambaa kipya. Bya muke ya yaya.”

Za mke wa kaka yangu. Miaka mitatu nilikuwa nimekwisha kumwita mwizi, naye alifungua sanduku, akabadilisha kitambaa kilichochakaa, akaandika jina langu kwa namna ya heshima aliyoijua, akafunga.

“Mama? Iko ya nani?”

“Ya bwana yangu,” nikasema. Hakucheka tena. Nilizinunua bila kubishania bei.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 21, nilipeleka cherehani Mokambo. Nilimkuta mjane ameketi kizingitini, akishona pindo la sare ya shule kwa mkono. Nilimweleza yote, na maandishi nikamtajia neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha sindano.

“Mashini weka pale,” akasema. “Lakini ile maneno uliisema mbele ya bantu yote, mama mukubwa. Mashini haina kinywa.”

“Nitasema.”

“Mbele yao.”

“Mbele yao.”

Familia ilikutana tena tarehe 2 Agosti, kwa posa ya mjukuu wetu mmoja. Tulikuwa watu kumi na saba. Niliwahesabu mara mbili. Wapwa walikuwepo, na mmoja wao alinipisha kiti cha mbele, kama inavyonistahili. Mjane alikuja kutoka Mokambo. Kabla ya chakula alipita na birika na beseni, akimnawisha kila mtu mikono. Alipofika kwangu alimimina polepole kuliko kwa wengine, akaningojea niseme. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Niliyatazama yakipita katikati ya vidole vyangu mpaka yakaisha, kisha akahamia kwa jirani yangu.

Nilikula. Niliaga saa kumi. Spika ziko chumbani mwangu, zimefunikwa shuka.