Kanga Safi ya Hospitali

Dada yangu alijifungua nyumbani kwetu Mpendae, huku Ng'ambo ya mji, saa nne asubuhi, kabla gari haijapatikana. Mtoto alilia vizuri. Kondo la nyuma likatoka zima. Damu haikukata.

Mkunga wa mtaa wetu, bibi wa Kitumbatu aliyezalisha nusu ya watoto wa uchochoro huu, alisema twende hospitali sasa hivi. Akatoka kutafuta gari. Mlangoni akageuka.

"Usimbadilishe, mwanangu. Mwache hivyo hivyo, wakaone wenyewe."

Nilimbadilisha. Sisi weusi wa Ng'ambo hatuendi hospitali ovyo ovyo. Mama alitulea hivyo: ukoge, uvae kanga mpya, maana watakutazama kwanza ndiyo wakusikilize. Nikamvua kanga tatu zilizorowa, nikaziloweka kwenye beseni. Nikamkunjia vitambaa vizito ndani, nikamfunga doti langu jipya. Nilijiona mtu wa maana. Mtoto tukamwacha kwa jirani.

Hospitali, mkunga wetu alimwambia muuguzi, "Kanga tatu zisharowa."

Muuguzi, mweusi kama mimi, akamtazama dada, msafi, kimya.

"Mbona mzima huyu? Kaeni hapo."

Tukakaa kwenye benchi. Mara akaingia binti wa Kihindi, gauni la kulalia limejaa madoa ya damu, mama yake anapiga kelele. Kitanda kikaletwa mbio. Simlaumu binti wa watu, alikuwa anaumwa kweli. Ila mpaka leo sijui walikimbilia madoa au walikimbilia rangi.

Mkunga alirudi kwa muuguzi mara mbili. Mara ya pili alifukuzwa. Dada aliniegemea begani. Nilidhani kalala.

Sikulia. Nilingoja nilie, kilio hakikuja, na hadi sasa hakijaja.

Baadaye daktari alitoka na faili, akauliza kwa nini marehemu, aliyemwaga damu yote ile, hakuonekana mapema. Muuguzi akasema mkunga wa kienyeji ndiye aliyemchelewesha nyumbani. Mkunga akanitazama. Akajua nilichokifanya, na akajua mama yangu atanifanya nini akisikia.

"Naam," akamwambia daktari. "Nimechelewa mimi."

Ikaandikwa hivyo mbele yangu.

Siku hizi hapana anayemwita kuzalisha. Nikipita mlangoni kwake namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, ananiuliza mtoto hajambo. Namwambia hajambo, nakwenda zangu.